Kadi ya Afya Isigeuzwe Kufuli la Mlango wa Hospitali

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana hivi sasa barazani, marikitini na katika afisi za Serikali hapa Visiwani, moja ni hili la kadi za elektroniki za matibabu. Tangu ulipoundwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2023, ukaanza na watumishi wa Serikali na kisha kuingia katika sekta binafsi iliyo rasmi, maneno kama "umeshajiandikisha?" na "jina lako limo?" yamekuwa sehemu ya maamkizi ya kila siku. Wapo wanaoiona kadi kuwa ndiyo ufunguo wa afya bora. Wapo wanaoiogopa kama walivyoiogopa kila karatasi iliyoletwa na afisa kutoka mjini. Sisi tunaona kwamba kila upande una lake la haki, na kwamba jambo lenyewe ni zito mno kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Kwanza tuseme bila ya kificho kwamba tunaiunga mkono kadi. Asiyejua kwa nini, na aende siku moja akakae katika foleni ya wagonjwa wa nje katika hospitali yoyote ya wilaya, atazame wanachokishika mikononi. Ataona madaftari ya skuli yaliyokunjwa mara nne, vyeti vilivyolowa jasho na maji ya bahari, vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa mwandiko ambao hata mwandishi mwenyewe pengine asingeweza kuusoma. Mzee aliyetibiwa shinikizo la damu Wete akihamia kwa mwanawe Amani, historia yake yote hubaki Wete. Daktari humuuliza alikuwa akimeza dawa gani, naye hujibu: "vidonge vyeupe, vidogo." Mwenye kisukari huanzishiwa matibabu upya kila abadilishapo kituo. Aliyekatazwa sindano ya penisilini kwa sababu mwili wake haiupatani nayo, hana kitu cha kumsemea akiwa amezimia. Mama mjamzito aliyepasuliwa katika uzazi uliopita huenda akafika kwa mkunga asiyemjua, na mkunga akasubiri uchungu ujiendee wenyewe pale ambapo hakustahili kusubiri. Mambo haya hayahitaji mashine mpya wala madaktari bingwa. Yanahitaji kumbukumbu tu, iliyowekwa mahali inapoweza kupatikana.

Wala si kweli kwamba mambo ya elektroniki ni ya nchi za ng'ambo na hayatuwezi sisi. Zanzibar ilianza mwaka 2008 kupokea taarifa za malaria kutoka vituo vya afya kwa njia ya simu ya mkononi, kila wiki. Miaka michache baadaye ikawa kila mgonjwa anayeonekana na vimelea hutolewa taarifa zake, na afisa hufunga safari hadi nyumbani kwake kuwapima waliobaki. Mpango huo wakaupa jina la nazi, nasi twasema waliotoa jina walijua wako wapi. Malaria ilikwisha kuteremka hapa kutokana na vyandarua, upigaji dawa majumbani na tiba mpya, lakini kuizuia isirudi kumetegemea sana taarifa zile za haraka. Kadhalika wahudumu wa afya wa jamii wanaokwenda nyumba kwa nyumba katika shehia zetu wamezoea kutumia simu katika kazi ya kuwafuatilia wajawazito na watoto wachanga. Hivyo uwezo upo. La kuangaliwa ni chombo hiki kinawekwa mikononi mwa nani na kwa shabaha gani.

Na hapa ndipo tunapotaka wahusika watusikilize kwa makini. Kadi ya afya, kama inavyoelezwa kwa wananchi, imebeba kazi tatu kwa wakati mmoja. Inasema mtu huyu ni nani. Inasema mtu huyu amelipiwa au hakulipiwa. Inasema mtu huyu aliugua nini na akatibiwa vipi. Kazi hizi tatu si ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ni ya msajili, ya pili ni ya mhasibu, ya tatu ni ya daktari. Zikichanganywa ovyo katika kipande kimoja cha plastiki, basi mhasibu akikasirika daktari naye hufungiwa mlango. Mgonjwa ambaye mchango wake haukufika mwezi huu hujikuta si tu hakulipiwa, bali hana historia, na pengine hana hata jina.

Wala hatuzungumzi mambo ya kubuni. Kila pahala penye bima ya kukatwa mshahara hutokea mwajiri anayekata fedha za mfanyakazi kwa ukamilifu na kuzipeleka kwa kuchelewa, au asizipeleke kabisa. Mfanyakazi huyo hana habari. Karatasi yake ya mshahara inaonesha amekatwa. Anapofika dirishani na mtoto mwenye homa, ndipo anapoambiwa kwamba kadi yake "haisomi." Tunauliza: hapa nani mkosa, na nani anayeadhibiwa? Mwajiri yuko afisini kwake chini ya feni, na mtoto anatetemeka kwenye benchi. Kwa maoni yetu, mfanyakazi akionesha karatasi ya mshahara yenye makato, atibiwe mara moja, na Mfuko wenyewe ndio umwandame mwajiri kwa kutumia sheria. Mfuko una wanasheria, wahasibu na magari, na mama wa mtoto hana kitu ila huyo mtoto.

Lipo tena jambo la umeme, na katika jambo hili watu wa Unguja hawahitaji kupewa mawaidha na mtu yeyote. Mwezi wa Mei mwaka 2008 waya unaoleta umeme kutoka Tanzania Bara uliharibika, na kisiwa kizima kikakaa kizani karibu mwezi mmoja. Kabla hatujasahau, Disemba 2009 likatufika kubwa zaidi, tukakaa hadi Machi 2010, miezi mitatu. Tulichota maji visimani, tukauza samaki kabla hawajaoza, na hospitali zikaendeshwa kwa majenereta yanayokunywa mafuta kama ngamia. Pemba nayo ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta. Hayo ni ya umeme. Kwa upande wa mtandao, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikayumba, benki zikasimama na simu zikawa mapambo. Sisi ni watu wa visiwani, na kila kinachotufikia hupita juu ya maji au chini ya maji. Basi mtu atakayetuletea mpango wa matibabu unaosimama pale mtandao unaposimama, amefanya hesabu zake katika ramani isiyo na bahari.

Inafaa tutazame walivyofanya wengine, hasa walio visiwani kama sisi. Taiwan ilianzisha bima ya afya ya watu wote mwaka 1995. Mwanzo walitumia kadi za karatasi, zilizokuwa zikipigwa mhuri kila mgonjwa anapotibiwa, na baada ya mihuri sita ilibidi kuzibadilisha kwa nyengine. Mwaka 2004 wakamaliza kuziondoa na kuweka kadi yenye kipande kidogo cha kompyuta ndani yake. Faida ya kipande hicho ni kwamba baadhi ya maelezo ya mgonjwa hukaa ndani ya kadi yenyewe, na si katika mtambo wa mbali peke yake. Tena wao walikuwa wameshamhakikishia kila mtu bima kwa muda wa miaka tisa kabla ya kadi hiyo. Ilianza haki, kikafuata chombo. Huku kwetu tunaona dalili za watu kutaka chombo kitangulie, kisha haki itafutwe nyuma yake.

Wajerumani nao, pamoja na sifa zao zote za ufundi, sheria yao ilitaka kadi ya elektroniki ianze mwaka 2006, lakini haikuwa kadi pekee inayokubalika hadi tarehe 1 Januari 2015. Miaka tisa walibishana juu ya usalama wa taarifa, gharama na mashine za kusomea. Katika miaka hiyo tisa wagonjwa wao waliendelea kutibiwa kwa kadi ya zamani. Hakuna aliyeambiwa angoje. Jirani zetu wa Kenya, kwa upande mwengine, waliufunga mfuko wao wa tangu 1966 na kufungua mpya siku ya tarehe 1 Oktoba 2024, kwa usiku mmoja kama kusema. Katika wiki za mwanzo mitambo ilisumbua, na wagonjwa wa figo na saratani, watu wasioweza kukosa tiba hata wiki moja, wakatakiwa watoe fedha taslimu mifukoni. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Tunasema kwa sababu mashua ya jirani iliyopiga mwamba huonesha mwamba ulipo.

Turudi nyumbani, tutazame uandikishaji. Kwa hesabu ya sensa ya 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773. Kuwaandikisha watumishi wa Serikali ni kazi nyepesi, kwa kuwa majina yao yamo katika orodha ya mishahara. Wamebaki wakulima wa mwani wa Paje na Makoba, wachumaji karafuu wa Pemba, wavuvi, wachukuzi, mama wauza mikate, vijana wa bodaboda, wazee wasio na kazi wala pensheni. Hawa ndio wengi, na hawa ndio wanaougua zaidi. Kwao kadi si suala la kujaza fomu moja. Fomu inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na kwa aliyezaliwa nyumbani zama ambazo hakuna aliyeandika, cheti kinataka mashahidi na barua ya sheha. Sheha hayupo, amekwenda mkutanoni. Njoo kesho. Kesho ni nauli nyengine ya mashua na ya gari, na siku nyengine bila ya kibarua. Umangimeza wa namna hii tumeupiga vita kwa maneno kwa miaka mingi, na bado unakula chakula chake vizuri.

Kuna na vidole. Mitambo mingi humtambua mtu kwa alama za vidole vyake, na aliyeibuni bila shaka alikuwa na vidole laini vya kazi ya karatasi. Mwanamke aliyefunga mwani katika maji ya chumvi kwa miaka ishirini, au aliyesokota kamba za usumba tangu utotoni, mistari ya vidole vyake imefifia. Mashine itamwambia kwamba yeye siye yeye. Je, afanye nini? Pasiwe na kituo hata kimoja ambapo jibu la swali hilo ni kumrudisha nyumbani. Iwepo njia ya pili, kwa picha au kwa namba, na iwepo ya tatu, ya muuguzi anayemjua kwa sura kutia saini yake.

Katika visiwa vidogo mambo haya huwa makubwa zaidi. Mtu wa Tumbatu anayetaka hospitali huvuka hadi Mkokotoni kisha ashike njia ya Kivunge. Wa Makoongwe na Kisiwa Panza huvuka kwenda Mkoani, wa Fundo kwenda Wete. Mtu aliyevuka bahari usiku na mgonjwa, akiwa ameacha kadi juu ya kabati, haambiwi "rudi ukaichukue." Anayemwambia hivyo hajui analolisema, au anajua na hajali. Tunataka wizara itoe amri ya maandishi, ibandikwe katika kila pahala pa kupokelea wagonjwa, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili kinachosomeka: mgonjwa wa dharura, mama mjamzito na mtoto mdogo watibiwe kwanza, kadi iulizwe baadaye. Amri ya mdomo haitoshi, kwani amri ya mdomo huondoka na aliyeitoa akihamishwa.

Wako pia watu wa dago. Wakojani na wenzao hufuata samaki kutoka pwani moja hadi nyengine, miezi kwa miezi, wakafika Tanga, Mafia na hata pwani ya Kenya. Mvuvi wa Kojani akipasuka mguu kwa taa akiwa Mafia, kadi yake ya Zanzibar itamfaa nini? Afya si jambo la Muungano. Bara wana mfuko wao tangu 2001 na sheria yao ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa Novemba 2023, nasi tuna wetu. Hilo halina ubaya, kila nyumba ina jiko lake. Lakini wagonjwa wetu wazito hupelekwa Muhimbili kila wiki, na watu wa Bara wanaofanya kazi katika mahoteli ya Kiwengwa na Nungwi huugua hapa. Mifuko miwili haishindwi kukaa meza moja na kukubaliana kwamba kadi ya huku isomeke kule, na ya kule isomeke huku, kisha wao wenyewe wadaiane. Mabenki yamelifanya jambo hilo kwa fedha, na damu ya mtu haiwezi kuwa nyonge kuliko noti.

Jambo jengine ambalo viongozi wetu hawalizungumzi sana ni siri. Visiwa vyetu ni vidogo. Karani wa mapokezi ni binamu wa mke wa jirani. Mgonjwa wa kifua kikuu, mwenye virusi vya UKIMWI, binti aliyeharibikiwa na mimba, wote hawa leo wana kinga moja tu, nayo ni kwamba daftari lao liko ndani ya kanga. Likihamia katika mtambo, ni nani atakayelifungua? Taiwan waliweka utaratibu kwamba taarifa za matibabu zilizomo katika kadi ya mgonjwa hazisomeki mpaka kadi ya daktari mwenyewe iwekwe pamoja nayo. Karani anaona jina na bima, haoni ugonjwa. Tena mtambo ukiandika kila aliyefungua faili na saa aliyolifungua, mdadisi atajulikana. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kwa kuwa afya ni jambo la Zanzibar yenyewe, tunalitaka Baraza la Wawakilishi lihakikishe kwamba kuna kifungu chetu, chenye adhabu yetu, kwa mtumishi atakayechungulia ugonjwa wa mtu bila ya kazi. Watu wakishaamini kwamba kadi inasema siri zao, hawataitumia. Watarudi kwa mganga wa kienyeji, ambaye angalau anajua kunyamaza.

Wazee wetu wana haki ya kuuliza pia kuhusu ahadi ya matibabu bure iliyotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ahadi ile haikuwa maneno matupu. Vituo vilijengwa mashamba ambako hakukuwa na hata msaidizi wa mganga. Ni kweli kwamba miaka ikapita, dawa zikapungua, na mgonjwa akajikuta anapewa ushauri bure na kununua vidonge kwa pesa zake katika duka la jirani. Kwa hiyo wanaosema kwamba Mfuko umekuja kuuza kitu kilichokuwa bure wanasema nusu ya kweli. Lakini Serikali nayo isijibu kwa nusu nyengine. Na iseme wazi, kwa kila mtu asiye na kadi na asiye na uwezo wa kuchangia: je, huyu atapata nini, wapi, na nani atakayelipa? Jibu hilo tunalitaka kwa tarakimu katika makadirio ya wizara, ili tuweze kulifuata mwaka hadi mwaka, badala ya kulisikia katika hotuba peke yake.

Na dawa ziwemo. Hospitali mpya za wilaya zimejengwa, kuta ni nzuri na vitanda ni vipya, na hakuna anayeikataa neema hiyo. Hata hivyo mtu aliyekatwa mshahara miezi kumi na miwili, akaonesha kadi, kadi ikasoma vizuri na taa ya kijani ikawaka, kisha akaambiwa dawa hakuna, huyo ana hasira kubwa kuliko yule aliyekuwa hana kadi kabisa. Tunapendekeza kwamba mtambo unaothibitisha kadi ndio huo huo uandike dawa iliyokosekana, kila inapokosekana, na hesabu hiyo itangazwe kila robo mwaka, hospitali kwa hospitali. Wasimamizi wa bohari hawatapenda. Hilo si neno.

Kuhusu visiwa vidogo, tunawaomba wakuu wa mikoa na maafisa wa Mfuko wasingoje watu wavuke kuja kuandikishwa. Waende wao. Wachukue mashine, betri za kutosha, msajili wa vizazi na afisa wa vitambulisho katika chombo kimoja, ili mtu amalize yote kwa siku moja mbele ya sheha wake. Na wasiende wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, kisha wakaandika katika ripoti kwamba wananchi hawakujitokeza. Waende wakati wa maleleji, wawaulize wavuvi siku gani wako nchi kavu, na wawaulize wanawake wa mwani bamvua limeangukia lini, kwa sababu siku za bamvua maji yakitoka hakuna atakayeliacha shamba lake kwenda kupigwa picha.